Mkanda wa Kodiani

Sulo Kantoniemi alimaliza wimbo wa kwanza, akainamisha kichwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Asanteni sana." Lilikuwa kosa dogo. Mtu asiyezijua kumbi za dansi za kando ya maziwa asingelitambua hata kama angekuwa amesimama chini ya jukwaa. Lakini wote waliokuwa sakafuni pale Sarvilahti Ijumaa ile ya mwanzo wa Juni walilitambua, na Orvokki Pelkola, aliyeketi kushoto kwa mwimbaji na kodiani yake kifuani, alilitambua kabla yao, kwa sababu aliisikia pumzi ya Sulo ikitulia pale ambapo ilipaswa kujiandaa.

Katika kumbi hizo nyimbo hupigwa mbili mbili. Mwanamume huvuka sakafu, humwinamia mwanamke aliyeketi kwenye benchi la ukutani, huingia naye kati. Wakimaliza wa kwanza husimama palepale, kila mmoja akivitazama viatu vyake, wakisubiri wa pili. Mwimbaji akishatoa asante ndipo mwanamume humsindikiza mwenzake hadi alikomtoa. Kumrudisha mwanamke ukutani baada ya wimbo mmoja ni kumtangazia mbele ya watu kwamba hachezeki. Wanaume wasio na adabu nyingine yoyote, wanaotema mate na kulewa mchana, hawathubutu kufanya hivyo.

Kwa hiyo sakafu iliganda. Wengine walimtazama Sulo kana kwamba wanamsaidia kukumbuka. Wengine, kwa kuwa asante ni asante, walianza kuwarudisha wenzao kwa aibu. Orvokki alimwona mwanamke mmoja wa makamo yake, aliyevaa gauni la samawati na nywele zilizotoka kutengenezwa siku hiyohiyo, akirudishwa na mwanamume mrefu ambaye mwenyewe hakujua alifanyalo. Mwanamke aliketi, akatazama mbele. Tenho, mpiga ngoma, alikuwa amekwisha kuanza tena mdundo uleule ili kuokoa jahazi. Orvokki akaingia na kodiani, na Sulo, kama mtu aliyeguswa bega, akageuka na kuimba wimbo wa pili, nao ni tango, ile dansi ya taratibu ya wawili wawili, bila kuteleza hata neno moja. Sauti ilipofika pale palipopendwa na watu, mwanamke wa gauni la samawati alikuwa ameinama akivua viatu vyake vya dansi na kuvitia katika kimfuko chao cha kitambaa. Alipita mlangoni na koti lake mkononi. Hakugeuka.

"Mzee, leo umewaacha watu solemba," Tenho alisema wakati wa mapumziko, akimimina kahawa. "Ndoa zote zile zimevunjika kwa mpigo mmoja, na wengine walikuwa bado hawajajuana majina."

Sulo alicheka, akasema ameingiwa na mbu kooni. Tenho akajibu kwamba mbu wa Sarvilahti wana haki ya kupewa sehemu ya malipo, na mambo yakaishia hapo. Yangeishia hapo kweli kama si kituo cha mafuta walikosimama baadaye kununua soseji. Ulikuwa usiku wa manane, lakini mbingu bado ilikuwa nyeupe, kama inavyokuwa kaskazini majira hayo. Sulo alisimama kando ya gari la bendi, akaitazama barabara upande huu, kisha upande ule, akauliza kwa upole, "Hivi tunakwenda, au tunarudi?"

"Inategemea nani anakusubiri na wapi," Tenho alisema, akaingia ndani kulipa.

Orvokki hakucheka. Alimtazama Sulo, na Sulo akaangalia pembeni.

Walikuwa wamesafiri pamoja mwishoni mwa kila juma tangu enzi za mzee Haapala, yule aliyeianzisha lebo yao ya muziki kwa kuuza kaseti nyuma ya gari lake kwenye minada ya ng'ombe. Sulo alikuwa dereva wa malori ya magogo aliyeimba akiendesha. Mzee Haapala alimsikia kwenye kantini ya kiwanda cha mbao, akamrekodi, na wimbo mmoja ukapendwa redioni kiasi kwamba hadi leo watu wanauomba kwa kutaja jina la Sulo badala ya jina la wimbo. Orvokki aliletwa kushika nafasi ya mpiga kodiani aliyevunjika mkono. Mkono ulipopona, mwenyewe hakurudi, na Orvokki akabaki.

Siku za kazi alipika katika jiko la shule: supu ya njegere Alhamisi, viazi siku zote. Ijumaa alivua aproni, akavaa sketi nyeusi, akapanda gari la bendi. Mumewe, Oiva, alivumilia kwa muda mrefu, kisha akachoka kuishi na mwanamke asiyeonekana siku ambazo watu wengine huonekana, akahamia kwa mwingine aliyekuwa nyumbani Jumamosi. Orvokki alihuzunika, lakini si kwa kiasi alichodhani anapaswa kuhuzunika, na upungufu huo wa huzuni ulimsumbua kuliko kuondoka kwa Oiva. Kati yake na Sulo hapakuwahi kuwa na jambo, ingawa watu walisema. Walikuwa wamezoeana tu, kama wanavyozoeana watu wanaotumia daraja moja.

Jambo lingine alilijua na hakuwahi kulisema: hakuwa mpigaji hodari. Alipiga sawasawa, vidole vyake havikukosea, lakini hakuna mwimbaji mwingine wa lebo ambaye angemtafuta. Wawili kati yao walikuwa na bendi zao, na wa tatu, kijana mpya, aliimba juu ya muziki uliorekodiwa kwenye mashine. Sulo alimshikilia Orvokki kwa sababu hakupenda mabadiliko. Sasa jiko la shule lilikuwa limekwisha kumuaga kwa keki na shada la maua. Ratiba aliyoitoa Maarit Haapala, binti aliyeirithi lebo, kila Jumatatu, kwamba Sulo na bendi watakuwa wapi Ijumaa, wapi Jumamosi, na Jumapili mchana hoteli gani ya wazee, ndiyo pekee iliyomwonyesha kwamba juma lina mwisho na mwanzo. Sulo akiondoka jukwaani, naye ameondoka. Alilijua hilo usiku ule kwenye kituo cha mafuta, akiwa na soseji iliyopoa mkononi, na hakuweza baadaye kujidanganya kwamba hakuwa amelifikiria.

Sulo ndiye aliyelianzisha. Ilikuwa Jumapili, katika hoteli ya chemchemi ambako wastaafu hucheza kabla ya chakula cha mchana. Alimvuta Orvokki hadi kwenye chumba cha kuhifadhia viti.

"Maneno yote ninayo," alisema. "Niamshe usingizini, nitakuimbia. Tatizo sijui kama nimeshaimba au bado. Nikimaliza wimbo, nyuma yangu panakuwa peupe. Kama hakijatokea kitu."

Orvokki alimuuliza kama ameonana na daktari. Sulo akasema daktari atamwambia kile anachokijua tayari, halafu atamwandikia na barua ya kumtoa kazini.

"Na Maarit?"

"Maarit asijue. Mpaka tamasha la tango lipite. Mwaka huu wanataka wasanii wote wa lebo jukwaa kubwa. Mwaka jana walinisahau, unakumbuka. Walinisahau mimi, sasa angalia nani anasahau." Alicheka peke yake. "Nipe hilo moja tu, Orvokki. Baada ya hapo nitakaa nyumbani."

Orvokki hakuahidi. Alichofanya ni kukishika kimkanda cha ngozi kilicho juu ya mvukuto wa kodiani, kile kinachofungwa kwa kifungo ili chombo kisifunguke kikibebwa. Alimwonyesha. Wimbo wa kwanza ukiisha, kimkanda kitaachwa kining'inie: bado mmoja. Wa pili ukiisha, atakifunga: shukuru watu, ondoka. Mpigaji yeyote hukifunga kimkanda akimaliza, hakuna atakayeona ajabu.

Sulo alikitazama kwa muda. "Na ukisahau wewe?"

"Basi tutakuwa wawili."

Mbinu ilifanya kazi, tena vizuri kuliko walivyotarajia. Juma baada ya juma, katika kumbi zenye harufu ya misonobari na nta ya sakafu, Sulo aliimba, akamaliza, akageuza macho kidogo upande wa kushoto, akaona, akaendelea au akashukuru. Mtazamo huo uliwapendeza wasikilizaji. Walidhani ni mapenzi ya uzeeni. Tenho aliwatania kwamba sasa afadhali watangaze harusi ili naye ale. Hakuambiwa kitu, lakini baada ya siku chache aliacha kutania.

Ukweli ni kwamba Orvokki alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuja kumtesa. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama akipiga. Wachezaji hutazamana wao kwa wao, na wasiocheza humtazama mwimbaji. Sasa mwisho wa kila wimbo mwanamume yule alimgeukia kama anayeuliza njia, na hakuna mwingine katika ukumbi mzima aliyeweza kumjibu. Alianza kufika mapema. Alishona upya sketi yake nyeusi. Akiwa peke yake jikoni, vikombe vimekwisha kukaushwa, alijikuta akikifunga na kukifungua kile kimkanda kwa kidole gumba, na sauti yake ndogo, tik, ilimtuliza.

Katika mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, moto mkubwa ulipowashwa ufukweni na watu wakajaa hadi kwenye ngazi, Maarit Haapala alikuja kuwasikiliza. Alikuwa na digrii ya biashara kutoka mji mkuu na sauti ya baba yake. Alisimama nyuma, mikono kifuani. Baadaye alimwambia Orvokki kwamba hajawahi kumsikia Sulo akiimba namna ile. Anaimba kama mtu asiye na hakika kwamba kuna wimbo mwingine utakaofuata. Kwa hiyo ameamua: Jumamosi ya tamasha Sulo ndiye atakayefunga siku ya lebo. Tango mbili, jukwaa kubwa, okestra ya tamasha.

"Okestra," Orvokki alisema. "Bila bendi?"

"Wasanii wote wanaimba na okestra. Ndiyo kanuni yao."

Orvokki alitikisa kichwa kukubali, akaenda kukusanya nyaya.

Zilibaki siku za kutosha za kusema. Mara moja alimpigia Maarit simu akiwa amepiga moyo konde kabisa, akamkuta akicheka na mtu mwingine upande wa pili, akisema tiketi za jukwaa kubwa zinakwenda kama mikate.  Badala ya kusema, Orvokki aliuliza kama anaweza kusimama kando ya jukwaa, kwenye ngazi, Sulo akiimba.

"Simama, kwani nani atakukataza? Leta hata kiti."

"Nitakuwa na kodiani."

"Kodiani ya nini sasa, Orvokki?"

"Nimezoea kuwa nayo."

Maarit alicheka, akasema wasanii wana mambo, na akakata simu.

Siku ya tamasha kulikuwa na manyunyu yasiyokwisha wala kuwa mvua. Barabara kuu ya mji ilikuwa imefungwa na kutandikwa mbao, na watu walicheza wakiwa na makoti ya plastiki, wakiteleza na kushikana. Kwenye hema la lebo picha za wasanii zilikuwa zimening'inizwa kwa mpangilio wa umri. Ya Sulo, iliyopigwa enzi za nywele nyingi, ilikuwa imeanza kujikunja kwa unyevu. Yeye mwenyewe aliketi chini yake akiwa amevaa suti ya kijivu, akitia saini. Mama mmoja alimwambia kwamba wimbo wake ulipigwa kwenye mazishi ya mumewe. Sulo alimpa pole kwa utaratibu mzuri. Baada ya muda mama yuleyule alipita tena, na Sulo akamsalimia kama mgeni.

Maarit alimvuta Orvokki kando, akamnunulia kahawa na andazi la iliki. Alikuwa na habari na hakutaka aisikie kwa mtu mwingine. Msimu wa vuli lebo inampeleka Sulo kwenye kumbi za maonyesho: piano na fidla tatu, watu wameketi, hakuna dansi. Ni sauti ya kusikilizwa sasa, si ya kuchezewa tu. Kumbi za dansi wataziachia vijana.

"Ninyi mtapumzika kidogo," alisema, akamgusa mkono. "Umefanya kazi sana, Orvokki. Unastahili."

Alisema kwa wema, na wema huo ndio uliofanya pasiwe na mahali pa kujibia. Orvokki alitafuna andazi.  Aliwaza kwamba sasa ndio wakati wa kusema, kwamba hakuna wakati mwingine, na akajisikia akisema tu, "Asante, Maarit." Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema hapo. Aliogopa kumharibia Sulo siku yake: hilo ni jibu mojawapo. Kwamba angeonekana anasema kwa sababu ameachwa: hilo ni jingine, na lilikuwa la kweli pia. Yapo mengine chini yake, ambayo hakuyachimba.

Saa ya Sulo ilipofika, Orvokki alisimama kwenye ngazi ya kushoto, chini kidogo ya jukwaa, kodiani kifuani, kimkanda kikining'inia. Tenho alisimama nyuma yake na mwavuli. Okestra ilianza, na mbele yao barabara nzima ya watu ikashikana wawili wawili na kuanza kusogea, taratibu, kama maji mazito.

Sulo aliimba. Wale waliokuwapo, hata waliomsema vibaya baadaye, walikiri kwamba wimbo ule wa kwanza aliuimba kuliko alivyowahi. Hakupamba. Alitoa maneno kama mtu anayeweka vitu mezani, kimoja kimoja, akiwa amekwisha kuvihesabu. Orvokki, ambaye alikuwa amepiga wimbo ule kwa nusu ya umri wake, alihisi vidole vyake vikitafuta vitufe na kuvikosa, maana kodiani ilikuwa kimya na okestra haikumhitaji.

Wimbo ukaisha. Wachezaji wakasimama walipokuwa, wameshikana, wakivitazama viatu vyao na mbao zilizolowa. Kiongozi wa okestra alifungua ukurasa, akainua kijiti. Sulo akageuza macho kushoto.

Orvokki aliuona uso wake. Alichoapa baadaye, kwa nafsi yake tu, ni kwamba aliona hofu humo: uso wa mtu aliyesimama kwenye barabara asiyojua kama inakwenda au inarudi. Aliona kwamba wimbo ukianza ataimba tena ule uleule, mbele ya mji mzima, na wataanza kucheka, kwanza wachache. Aliona hayo, au aliona Sulo tu akimtazama kama kawaida, akisubiri jibu kama kawaida, kwa mara ya mwisho. Kidole gumba kilikwenda chenyewe. Tik.

"Asanteni sana," Sulo alisema. Akainama vizuri, kama alivyofundishwa na mzee Haapala, akatoka.

Kijiti cha kiongozi kilibaki hewani, kisha kikashuka. Barabarani hakuna aliyesogea. Mamia ya watu walisimama wawili wawili katika manyunyu, wanaume hawajui kama wasindikize au wasubiri, wanawake hawajui wapeleke wapi macho. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuachana mikono. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na ngazi alimwambia mkewe, kwa sauti ya kawaida iliyosikika kuliko makelele, "Haya, leo wote tumerudishwa ukutani."

Sulo aliteremka ngazi akijipangusa paji la uso. Alikuwa anang'aa. "Zote mbili zimekwenda vizuri, siyo?"

Maarit alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye hema, uso umemwiva. Orvokki alikuwa na muda mfupi sana.

"Zimekwenda vizuri," alisema.

Walirudi kwa gari la bendi kama siku zote. Sulo alikaa nyuma, kichwa kwenye kioo, na walipoacha mji akaanza kuimba kwa kunong'ona. Ilikuwa tango ya pili, ile ambayo haikuimbwa. Aliianza mwanzo, akapita beti zote bila kukwama, akaimaliza, akanyamaza. Mvua ilikuwa imeamua kunyesha. Tenho alizungumza bila kuondoa macho barabarani.

"Okestra ingemvuta. Ukimpigia mwanzo wa wimbo, huyu hapotei. Unamjua kuliko mimi."

"Namjua."

"Basi kwa nini ulifunga?"

"Nilimwona ameogopa."

Tenho aliwasha taa kubwa, akazizima kumpisha aliyekuja mbele. "Labda," alisema. Hakuongeza utani wowote, na Orvokki angetoa chochote ili auongeze.

Magazeti ya mkoa yaliandika kwamba mwimbaji aliwapa mgongo wachezaji. Watu waliokuwa wakimpenda Sulo waliumia kuliko wasiompenda. Kuna aliyeirudisha sahani ya santuri hemani kabla tamasha halijafungwa, akaiacha mezani bila kudai kitu. Lebo ilitoa tangazo kwamba hakuwa mzima. Hilo likawa kweli upesi: akapelekwa kwa daktari, daktari akasema kile Sulo alichokijua, na akaandika ile barua. Jumatatu iliyofuata ratiba ilitoka bila jina lake. Ijumaa ya Sarvilahti ilikuwa imepewa yule kijana wa mashine.

Maarit alikuja hadi jikoni kwa Orvokki. Hakukaa. Aliuliza kama alijua, na Orvokki akasema alijua. Maarit akasema kwa uchovu, bila hasira, kwamba angeambiwa tu, zipo njia. Waimbaji wangapi wana mtu wa kuwasogezea maneno. Orvokki akasema hayakuwa maneno. Maarit alisubiri aendelee, na alipoona haendelei akavaa glavu zake. Kuhusu kimkanda hakuuliza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Tenho hakusema. Orvokki alimshukuru kwa hilo na akamkwepa.

Alikawia kwenda kumwona Sulo. Alijipa sababu: barabara, mafua, kwamba pengine mgonjwa anahitaji kwanza kutulia. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka na kuyeyuka alipokwenda, Jumapili mchana, kwenye nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa. Alibeba kodiani kwa kuwa mhudumu alimwomba kwenye simu. Huko nako huwa kuna dansi Jumapili, meza za chakula zikisogezwa.

Sulo alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa sweta ambalo halikuwa lake. Alimsalimu Orvokki kwa heshima, akamwita bibi. Hakumtambua uso. Lakini alipoiona kodiani alijiweka sawa, akafunga kifungo cha sweta, akasimama.

Orvokki alipiga mwanzo wa ile tango ya pili. Hakuichagua, au aliichagua njia nzima alipokuwa kwenye basi. Sulo aliingia mahali pake hasa. Sauti ilikuwa imepungua, lakini njia ilikuwa ileile, ubeti kwa ubeti, hakukosea popote, na Orvokki alipiga huku akijua kwa kila neno lililotoka kwamba pale jukwaani angeliimba vilevile. Mhudumu mmoja kijana alimwinua bibi kizee kutoka kitini, akacheza naye polepole kwenye sakafu ya plastiki. Wengine walijipigapiga magoti kwa viganja.

Wimbo ulipoisha mhudumu alitaka kumrudisha bibi kitini. Bibi alikataa. Alisimama imara, ameushika mkono wa kijana yule, akavitazama viatu vyake vya manyoya.

Sulo aligeuza macho kushoto, chini kidogo, kwenye kodiani.

"Bado mmoja?" aliuliza.

Kimkanda kilikuwa kinaning'inia. Orvokki aliweka kidole gumba mbali nacho, upande wa pili wa mvukuto, kama mtu anayeweka kisu mbali na mtoto.

"Bado mmoja," alisema, akaivuta kodiani, na ikajaa hewa kabla hajajua atapiga upi.